Chama cha Kutazama Nyota Kando ya Njia

Yafaa nianze kwa kuungama kosa. Chama chetu cha elimu ya nyota kina darubini moja, yenye lenzi ya upana wa milimita 70, na muhula uliopita ilitoka kabatini mara mbili tu. Usiku wa pili, watu waliokuwa wakirudi kutoka gulioni walisimama nje ya ua wakauliza tunatazama nini. Walijibiwa kwamba hiyo ni kazi ya wanachama. Aliyejibu hivyo ni mimi. Muhula ujao tutapiga kura kama darubini itatoka nje ya lango au la. Basi kabla ya siku hiyo nataka niwaeleze habari za chama kimoja cha Marekani, ambacho kilianzishwa kwa ajili ya wapita njia.

Mwanzilishi wake, John Dobson, alizaliwa Beijing katika Uchina mwaka 1915, akahamia San Francisco pamoja na wazazi wake alipokuwa mtoto. Alisoma kemia katika chuo kikuu, na mwaka 1944 akaingia nyumba ya watawa wa Vedanta, mafundisho yenye asili ya Bara Hindi. Mtawa hana fedha. Basi alipotamani darubini aliitengeneza kwa vitu vilivyotupwa. Alitwaa kioo kinene cha dirisha la meli, akakisugua juu ya kioo kingine kwa maji na unga mkali wa kusagia. Visuguliwapo hivyo kwa muda mrefu, kioo cha juu hubonyea katikati, na cha chini huvimba. Kile kilichobonyea hung'arishwa, kisha hupakwa utando mwembamba wa alumini, nacho hukusanya mwanga wa nyota mahali pamoja. Bomba lake lilikuwa la karatasi ngumu, namna ile ambayo wajenzi humwagia zege la nguzo, na chombo chote kilikaa katika sanduku la mbao, kikazungushwa na kuinuliwa kwa mkono kama mzinga wa vita.

Alipouona mwezi kwa kioo chake mwenyewe, alisadiki kwamba kila mtu hana budi kuuona. Akawa anatoka usiku kuwaonyesha majirani, na kuwafundisha watoto kujitengenezea darubini zao. Wakubwa wa nyumba hawakupendezwa na kutoka kwake, na mwaka 1967 akaambiwa aondoke. Alikuwa amepita umri wa miaka 50, hana nyumba wala mshahara.

Mwaka uliofuata, yeye na vijana wawili waliunda chama. Kijana mmoja alikuwa amejitengenezea darubini kubwa, lakini chama cha watu wazima cha mji ule hakikupokea watoto. Chama kipya kiliitwa San Francisco Sidewalk Astronomers, yaani watazamaji wa nyota wa kando ya njia. Walisimamisha darubini penye makutano ya barabara za Jackson na Broderick, wakawaita wapitao waje watazame bure. Dobson aliendelea na kazi hiyo mpaka uzeeni, akafa mwaka 2014 akiwa na miaka 98. Leo darubini ya sanduku, inayoitwa kwa jina lake, hutengenezwa na watu wa nchi nyingi.

Huenda mtu akauliza, mpita njia apata faida gani kwa kutazama dakika moja? Hebu tufanye hesabu. Mboni ya jicho gizani hufunguka kama milimita 7. Lenzi yetu ni pana mara 10 kuliko hiyo, kwa hiyo eneo lake ni mara 100, nayo hukusanya mwanga mara 100. Kwa lenzi hiyo Mshtarii, ambayo kwa macho ni nyota moja yenye kung'aa, huonekana kama duara dogo lenye vijimwezi vinne kando yake, vile vile alivyoviona Galileo Januari mwaka 1610. Atakayerudi kesho yake ataviona vimebadili mahali. Mtu huyo hataamini kwa sababu mwalimu amesema, bali kwa sababu ameona.

Wala si sisi tu tutakaofundisha. Sisi tukaao Uganda, karibu na Ikweta, twaweza mwezi wa Mei kuona Dubu Mkubwa upande wa kaskazini na Msalaba wa Kusini upande wa pili, usiku mmoja, jambo ambalo watu wa San Francisco hawalipati kwao. Kadhalika, watu wa pwani waliipa Kilimia jina hilo kutokana na kulima, kwa maana walifuata kuzama na kuzuka kwake ili kujua majira. Mwezi wa Mei hupotea katika mwanga wa jua, na mwezi wa Juni huonekana tena kabla ya mapambazuko. Mzee asiyejua kusoma aweza kuwa na mambo ya kutuambia juu ya mbingu, ikiwa tutamwita.

Wenzangu wengine husema darubini itavunjika. Hofu hiyo si ya bure, lakini dawa yake ni utaratibu: mwanachama mmoja asimame penye miguu ya darubini, wa pili apange mstari, na watoto wapewe kibao cha kupandia. Tuchague usiku wa nusu mwezi, ambapo vivuli vya milima yake ni virefu, kuliko usiku wa mwezi mpevu. Na mchana isitolewe kamwe, kwa maana alielekezaye jua darubini hupofuka mara moja.

Nanyi mliokwisha kumaliza shule, kama mnayo darubini au hata darubini ya macho mawili, itoeni uani mwite majirani.

Mimi nitapiga kura darubini itoke. Watu wa gulio hupita pale uani kila Jumamosi, na nikichaguliwa kusimama langoni, nitawajibu vingine.