Fahamu: Albamu ya "Duma"

Ni Kampala, mwaka 2019, ambako Wakenya wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, walirekodi albamu ya metali waliyoiita kwa neno la Kikuyu lenye maana ya giza. Ilipotolewa Agosti 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes, wahakiki wa ng'ambo waliisifu mno, ilhali nyumbani wako walioyasikia mayowe yake, juu ya ngoma za mtambo, wakadhani ni kufuru. Dhana hiyo haina insafu: ghadhabu nayo ni fani. Mwaka 2024 Khanja, kwa lakabu ya Lord Spikeheart, alitoa albamu ya The Adept kumuenzi bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau.