Kura ya Lamu Mashariki, Basari ya Ruiru

Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 22,258 katika eneobunge la Lamu Mashariki na watu 371,111 katika Ruiru, kaunti ya Kiambu. Kila moja lina mbunge mmoja. Maana yake, bungeni mkazi mmoja wa Lamu Mashariki ana uzito wa wakazi zaidi ya 16 wa Ruiru.

Katiba ya 2010 iliweka mipaka ya tofauti hizo. Kwa maeneobunge 290, wastani wa sensa ile ni watu 164,015. Inaruhusiwa kupanda au kushuka asilimia 30, na 40 kwa majiji na sehemu zenye watu wachache. Hata kwa kipimo hicho cha 40, eneobunge dogo kabisa lingekuwa na watu 98,409 na kubwa kabisa 229,621. Lamu Mashariki haifiki hata robo ya kiwango cha chini. Imesalia kwa sababu katiba hiyohiyo ilikataza mapitio ya kwanza, ya 2012, kufuta eneobunge lililokuwapo. Maeneobunge 27 yalinusurika kwa kifungu hicho.

Uzito wa kura huishia mfukoni. Mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneobunge, NG-CDF, hugawiwa maeneobunge kwa usawa, bila kujali wingi wa watu. Kwa kila shilingi milioni 100 zinazokwenda kwa kila eneobunge, Lamu Mashariki hupata takriban Sh4,493 kwa kila mkazi, na Ruiru Sh269. Mzazi wa Kahawa Wendani, Ruiru, anayejaza fomu ya basari ya mfuko huo anagombea fungu lilelile na watu wa wadi nane. Kule Lamu Mashariki wadi ni tatu: Faza, Kiunga na Basuba.

Marekani ilipitia hali kama hiyo. Jimbo la Tennessee halikuwa limegawa upya viti vya bunge lake tangu 1901, mpaka Mahakama ya Juu ilipofungua mlango wa kesi za ugawaji huo mwaka 1962. Watafiti Ansolabehere, Gerber na Snyder walipofuatilia matokeo nchini kote, waliona kusawazisha kura kulihamisha takriban dola bilioni 7 kila mwaka kwenda kwa kaunti zilizokuwa zimepunjwa.

Hata hivyo, kufuta kiti cha Lamu Mashariki kungekuwa dhuluma. Kwa hesabu kavu, kaunti nzima ya Lamu, yenye watu 143,920, ingeambulia eneobunge moja. Nani basi angeisemea jamii ya Waboni wa Basuba? Saruji ya kujengea darasa katika kisiwa cha Kiwayu huvushwa kwa chombo cha baharini, na kutoka Faza kwenda Kiunga ni safari ya boti. Umbali huo ni gharama halisi, na unastahili mgao wake.

Dawa ni kutenganisha kiti na fedha. Kaunti tayari hugawiwa kwa fomula inayopima idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa ardhi. NG-CDF ingeweza kufuata njia hiyo. Mapitio ya mipaka yalitakiwa kukamilika Machi 2024, wakati Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haikuwa na kamishna hata mmoja. Fomula ya fedha haihitaji kuyangoja, maana sheria ya mfuko hurekebishwa na Bunge lenyewe. Ila humo bungeni, mbunge anayewakilisha watu 22,258 na yule wa watu 371,111 wana kura moja moja, na wa kwanza ndiye atakayepunguziwa mgao.