Kutilia Shaka Vita si Kuisaliti Nchi

Juma lililopita nilikuwa nikifundisha kidato cha nne habari za vita vya Vietnam. Mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, askari wakiwa vitani, raia aliyekaa nyumbani akisema vita hivyo ni kosa, huyo si msaliti?" Nilimjibu kwa mkato, maana kengele ilikuwa imelia. Hata hivyo, swali lake lilinifuata hadi nyumbani. Leo napenda kulijibu kwa utaratibu.

Tarehe 7 Agosti 1964, Bunge la Marekani lilimpa Rais Lyndon Johnson idhini ya kutumia nguvu za kijeshi katika Asia ya Kusini Mashariki. Katika Baraza la Wawakilishi, kura zilikuwa 416 kwa nunge. Katika Seneti, 88 waliunga mkono na wawili tu wakapinga, nao ni Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. Mwaka uliofuata, kura ya maoni ya Gallup ilionyesha kuwa asilimia 24 tu ya Wamarekani waliona kuwa kupeleka askari Vietnam lilikuwa kosa. Kufikia Agosti 1968, walioona hivyo walikuwa asilimia 53. Ajabu ni kwamba katika mwaka huo huo Morse na Gruening walishindwa katika uchaguzi. Aghalabu anayetangulia kusema kweli hapewi shukrani, hata kweli hiyo ikiisha kukubaliwa.

Ni nini kilichowabadilisha raia? Walimu wana sehemu yao katika kisa hiki. Mnamo Machi 1965, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Michigan walikusudia kugoma ili kupinga vita. Walipolaumiwa, walibadili nia: badala ya kuacha kufundisha mchana, wakafundisha usiku kucha. Wanafunzi na wahadhiri wapatao 3,000 walikesha wakisikiliza mihadhara na kujadiliana kuhusu historia ya Vietnam na sababu za vita. Vyuo vingine vikaiga mfano huo. Hawakurusha mawe, waliuliza maswali.

Kisha likaja shambulio la Tet, mwishoni mwa Januari 1968. Kwa miezi kadhaa wakuu wa jeshi walikuwa wamewaambia raia kwamba mwisho wa vita umeanza kuonekana. Ghafla miji mingi ya Vietnam Kusini ikashambuliwa kwa pamoja, hata ua wa ubalozi wa Marekani mjini Saigon ukaingiwa. Kijeshi washambulizi walirudishwa nyuma. Hata hivyo, raia walikuwa wameona umbali uliopo baina ya maneno ya wakubwa na mambo yenyewe.

Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Waziri wa Ulinzi, Robert McNamara, alikuwa na shaka kabla ya Tet. Mnamo Novemba 1967 alimwandikia Rais waraka wa siri akipendekeza mabomu yasitishwe Kaskazini na idadi ya askari isiongezwe. Februari 1968 aliondoka wizarani bila kuwafunulia raia shaka hiyo. Ni katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1995 ndipo alipokiri kwamba yeye na wenzake walikosea vibaya. Askari wa Marekani waliokufa katika vita hivyo ni zaidi ya 58,000, na zaidi ya 35,000 kati yao walikufa baada ya mwaka wa 1967. Wavietnam waliokufa huhesabiwa kwa mamilioni. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa bahati mbaya, mara hii kifo kiliwachukua watoto wa wenzake.

Sidai kwamba wenye shaka walikuwa malaika. Wapo walioshindwa kutofautisha askari na vita alivyotumwa kupigana. Tena wanafunzi wengi wa vyuo vikuu waliruhusiwa kuahirisha wito wa jeshi, ilhali vijana wengi wa maskini walichukuliwa. Wala hoja kwamba adui hutiwa moyo akiona raia wamegawanyika si ya kupuuzwa. Lakini wenye hoja hiyo na watueleze: je, askari aliye kwenye matope ya kinamasi, maili elfu kadhaa kutoka kwao, hulindwa na nani zaidi? Ni yule anayeshangilia bila kujua sababu, au yule anayeuliza kama kuna sababu ya kutosha kumfanya afe?

Nitakaporudi darasani nitamwambia kijana yule kwamba msaliti ni mtu ajuaye hatari akainyamazia. Raia anayeuliza kwa adabu na kwa ushahidi anatimiza wajibu wake. Nami nitamshukuru, maana swali lake, kama yale ya usiku ule wa Michigan, liliulizwa darasani, mahali panapolistahili.