Kiungo cha Taya la Mtoto Wako

  Leo tutazungumza kuhusu kiungo cha taya.

Weka vidole mbele ya masikio yako, kisha fungua na ufunge mdomo. Hapo panapocheza ndipo kichwa cha mfupa wa taya la chini kinapokutana na fuvu. Katikati kuna kipande laini kinachozuia mifupa isisuguane.

Kichwa hicho hakina umbo moja kwa watu wote. Kwa wengine kimeviringana, kwa wengine kimebapa kidogo, na kwa wachache kimegawanyika mara mbili kama ukwato wa mbuzi. Hata kwa mtu mmoja, kulia na kushoto huenda pasifanane kabisa. Ikiwa mtoto anakula, anapiga miayo na kucheka vizuri, bila maumivu, tofauti hizo si ugonjwa. Taya likilia "ta" bila kuuma wala kukwama, usiwe na hofu.

Lakini yako mabadiliko yanayoletwa na maradhi. Mtoto akianguka na kugonga kidevu, kichwa cha mfupa kinaweza kuvunjika, ingawa wewe unaona jeraha dogo tu kidevuni. Sikio linalotoa usaha bila kutibiwa laweza kuharibu kiungo hiki. Ugonjwa wa baridi yabisi, ambao huwapata watoto pia, hukila kichwa hicho polepole, mara nyingine bila maumivu.

Hatari kubwa ni mfupa wa taya kushikana na fuvu. Mdomo haufunguki, kula na kupiga mswaki huwa shida, na kidevu hakikui. Uso hupinda, au kidevu hurudi nyuma, na mtoto hupumua kwa taabu usiku.

Mama, unaweza kupima nyumbani. Mwambie mtoto apanue mdomo na kuingiza vidole vyake mwenyewe vitatu, kimoja juu ya kingine. Visipoingia, kidevu kikienda upande mmoja, au meno yakiacha kukutana kama zamani, mpeleke hospitali akaonwe na daktari wa meno. Usimpeleke kwa mkandaji, wala usimpanue mdomo kwa nguvu.

Mfupa wa mtoto hupona vyema ukishughulikiwa mapema, mara nyingi kwa chakula laini na mazoezi ya taya. Ukichelewa, huenda akahitaji upasuaji.

Kumbuka: kidevu kikigongwa, chunguza taya pia.