Kwenda Muktinath: Ndege, Jipu au Miguu?

Hekalu la Muktinath liko mita 3,700 na ushei juu ya usawa wa bahari, wilayani Mustang, Nepal. Siku hizi unaweza kulifikia kwa ndege, kwa gari, kwa miguu ukizunguka nyuma ya milima ya Annapurna, au kwa kuchanganya gari na miguu. Wahindu humwendea Vishnu. Wabudha nao wanapaita patakatifu pao, na watawa wao wa kike ndio watunzaji wa mahali hapo. Wapo pia wapanda milima ambao hawana nadhiri yoyote, ila hekalu limewakalia njiani. Wote hulipa, lakini si bei moja, na wanachonunua si kitu kimoja. Mimi nimeegemea njia ya nne, ile ya kuchanganya, na hesabu nitaziweka hapa ili msomaji azipinge akitaka.

Tuanze na gharama zisizokwepeka. Viza ya Nepal mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda huipata uwanja wa ndege wa Kathmandu: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30. Wenye pasipoti za Somalia na Ethiopia hawapati viza mlangoni; wao huiomba ubalozini kabla ya safari. Ukipitia India na kutoka nje ya uwanja, utahitaji viza ya India na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa hiyo walio wengi huona heri kuunganisha Doha, Dubai au Sharjah. Kisha kuna kibali cha hifadhi ya Annapurna, rupia 3,000, na kadi ya wasafiri wa milimani, rupia 2,000. Dola moja ni kama rupia 140 za Nepal, hivyo karatasi hizo mbili zinakula dola 36 hivi.

Hapa pana jambo linalowakera Wahindu wengi wa kwetu. Raia wa India na wa nchi jirani za Asia Kusini hulipia kibali cha hifadhi rupia 1,000 tu, na mashirika ya ndege ya ndani yana nauli tatu: ya Mnepali, ya Mhindi wa India, na ya mgeni mwingine. Bibi aliyezaliwa Mombasa, anayesali kila asubuhi na kuijua Muktinath kwa hadithi za mama yake, atalipa bei ya mgeni sawasawa na kijana wa Kijerumani aliyekuja kupiga picha. Pasipoti ndiyo inayoamua. Usipoteze muda kubishana dirishani.

Ndege sasa. Kutoka Kathmandu hadi Pokhara ni dakika 25, na kutoka Pokhara hadi Jomsom ni dakika 20 nyingine. Kila kipande ni dola mia moja na kitu kwa mgeni, kwa hiyo kwenda na kurudi weka dola 450 kabla hujala hata chapati. Kutoka Jomsom hadi Ranipauwa, kijiji kilicho chini ya hekalu, kuna magari ya kuchangia kwa dola chache. Wakala atakuambia kwamba kwa siku tatu umeshatimiza nadhiri, na hasemi uongo. Asichokisema ni kwamba ndege za Jomsom huruka asubuhi tu, kwa sababu kuanzia kama saa tano upepo wa bonde la Kali Gandaki huvuma kwa nguvu kiasi cha kumfanya mtu atembee ameinama. Mawingu yakikaa bondeni asubuhi, safari imefutwa na unasubiri kesho. Kila siku ya kusubiri ina hoteli yake na chakula chake, na ikiwa tiketi yako ya kurudi Nairobi haibadilishwi, hasara hiyo inaipita nauli yenyewe.

Usalama nao umo ndani ya bei. Tarehe 29 Mei 2022 ndege ndogo iliyokuwa ikitoka Pokhara kwenda Jomsom iligonga mlima, na watu wote 22 waliokuwamo wakafa. Umoja wa Ulaya umeyazuia mashirika ya Nepal kuruka katika anga lake tangu 2013. Sisemi usipande, maelfu hupanda kila mwaka na kushuka salama. Nasema soma bima yako kabla ya kulipa, uone inasemaje kuhusu ndege za ndani za Nepal.

Sasa gari. Barabara ilipofika Jomsom mwaka 2008, hesabu za safari hii zilipinduka. Basi la watalii kutoka Kathmandu hadi Pokhara ni dola 10 hadi 15, na basi au jipu la kuchangia kutoka Pokhara kwenda Jomsom ni dola 15 hadi 25. Kwa karatasi hakuna njia rahisi kuliko hii. Mwili ndio unaolipa baki. Pokhara iko mita 820 hivi. Ukipanda jipu alfajiri, jioni unalala Ranipauwa ukiwa umepanda karibu mita 2,900 kwa siku moja. Ranipauwa iko kimo kimoja na kituo cha Horombo pale Kilimanjaro, na kila mpagazi wa Marangu atakuambia watu hupelekwa Horombo kwa kulala kwanza Mandara, chini zaidi. Kichwa kinachogonga, kichefuchefu, usiku usio na usingizi: mahujaji wengi wazee huyapata hayo na kudhani ni uchovu wa gari. Tena barabara yenyewe, kuanzia mji wa Beni kwenda juu, imechongwa kwenye ukuta wa korongo. Wakati wa mvua, Juni hadi Septemba, maporomoko huifunga mara kwa mara, ingawa Mustang yenyewe, iliyo nyuma ya milima, hupata mvua kidogo tu.

Njia ya tatu ndiyo ya majarida ya kitalii: mzunguko wa Annapurna. Unaanzia Besisahar, unapita Chame, Pisang na Manang, unavuka pasi ya Thorong La kwenye mita 5,416, kisha unateremka hadi Muktinath. Pasi hiyo imeipita Point Lenana ya Mlima Kenya kwa zaidi ya mita 400, kwa hiyo si matembezi ya kusindikizana. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 mgeni anatakiwa awe na mwongozaji mwenye leseni, ambaye ni dola 25 hadi 35 kwa siku. Mpagazi ni dola 20 hadi 25. Chukua siku 12. Mwongozaji wa dola 30 anakula 360, mpagazi wa 22 anakula 264, kulala na kula kwa dola 30 kwa siku ni 360, ongeza vibali 36 na mabasi kama 50. Jumla ni dola 1,070 kwa mtu mmoja. Mkiwa wawili mnaogawana mwongozaji na mpagazi, kila mmoja anarudi hadi 760 hivi. Watatu ni nafuu zaidi, lakini hapo mpagazi mmoja hatoshi, na ukiona wakala anambebesha mtu mmoja mizigo ya watatu ujue nafuu yako imetolewa mgongoni kwa mwenzako.

Unaweza kupunguza siku tatu au nne kwa kupanda jipu kutoka Besisahar hadi Chame, mita 2,670. Hilo nalikubali, kwa sababu barabara ya magari imeshaila sehemu hiyo na kutembea nyuma ya vumbi la malori hakuna thawabu. Siku ya mapumziko ya Manang ndiyo usiyoikata kamwe. Kuna zahanati ya chama cha uokoaji cha Himalaya pale ambayo msimu wa watalii hutoa mafunzo ya bure kuhusu maradhi ya mwinuko, na nusu saa hiyo ni kitu cha thamani kubwa kuliko koti lolote utakalonunua Kathmandu. Oktoba 2014 tufani ya theluji iliipiga milima hii, Thorong La ikiwamo, na kuua watu zaidi ya 40. Mwongozaji anayesema leo hatuvuki anastahili kulipwa siku hiyo kama alivyolipwa jana. Wala usikubali kuuziwa mzunguko kinyumenyume, kuanzia Muktinath kupanda pasi: ni mita zaidi ya 1,600 za kupanda kwa siku moja, na njiani pa kulala ni haba.

Nyumba za wageni za milimani zina biashara yao ya kipekee, na asiyeielewa hulalamika bure. Chumba ni rahisi mno, rupia 500 hadi 1,000, wakati mwingine bure kabisa, kwa sharti kwamba utakula pale chakula cha jioni na cha asubuhi. Faida iko jikoni. Bei za vyakula hupangwa na kamati ya wenye nyumba za wageni, kwa hiyo kupatana bei ya wali ni kupoteza pumzi ambayo juu kule ni haba. Kadiri unavyopanda ndivyo bei inavyopanda, maana mtungi wa gesi na gunia la mchele vimekuja kwa mgongo wa nyumbu. Agiza dal bhat: wali, mchuzi wa adesi, mboga za majani, viazi, achari. Ni rupia 600 hadi 900, na ukimaliza, mama wa nyumba anatokea na sufuria na kukuongezea wali na adesi bila malipo hadi uzibe sahani kwa mkono. Pizza ni bei ileile au zaidi, na kipande cha pili hakuna. Maji ya chupa yaache. Njiani kuna vituo vya maji safi, na vidonge vya kusafishia maji havina uzito. Kuoga maji moto na kuchaji simu hulipiwa mbali.

Hiyo njia ninayoipendekeza inahitaji siku sita hivi kutoka Pokhara. Siku ya kwanza basi linakufikisha Marpha, mita 2,670, kijiji cha nyumba nyeupe zilizobanana na mashamba ya tufaha, chenye nyumba za wageni za Wathakali, watu ambao kupika na kulaza wageni ni kazi ya mababu. Kesho yake unatembea hadi Kagbeni, ukitoka mapema kabla upepo haujaamka. Kagbeni iko pale mto Jhong unapoungana na Kali Gandaki; Wahindu huwaombea marehemu wao ukingoni, na mita chache juu yake kuna monasteri ya Kibudha iliyoanzishwa 1429. Mafuriko ya Agosti 2023 yalibeba nyumba za kijiji hiki, na pesa ya chumba chako inaangukia mikononi mwa wenyeji wake. Siku ya tatu unapanda hadi Jharkot, mita 3,550, ulale humo badala ya Ranipauwa. Kijiji ni cha udongo mwekundu na vichochoro, kina monasteri yake, na kimenyamaza kwa sababu mabasi ya mahujaji hayasimami.

Asubuhi unaingia Muktinath ukiwa na damu iliyozoea. Nyuma ya hekalu kuna ukuta wa nusu duara wenye mifereji 108, kila mmoja una kichwa cha ng'ombe kilichochongwa, na maji yanatoka baridi ya theluji. Mahujaji huvua, hupita chini ya yote kwa mbio wakipiga mayowe, kisha huzama katika madimbwi mawili yaliyo mbele ya mlango. Nguo kavu na taulo ni mzigo wa lazima, na mwenye shinikizo la damu anatosheka kujinyunyizia. Hatua chache chini kuna Jwala Mai, chumba chenye giza ambamo gesi ya asili inawaka mwambani kando ya maji yanayotiririka. Inama hadi kwenye kitundu: mwali ni mdogo, wa buluu, na usipoelekezwa na mtawa utaukosa. Sadaka hutolewa kwa hiari.

Kurudi, shuka kwa njia ya kijiji cha Lupra hadi Jomsom, kisha ndege ya asubuhi au basi. Mwongozaji wa siku nne ni 120, basi kwenda na kurudi 40, vibali 36, kulala na kula 125: dola 321. Ukipanda ndege wakati wa kushuka, ongeza mia moja na kidogo, na uache siku mbili za akiba kabla ya safari ya kimataifa. Pesa taslimu zitoe Pokhara. Mashine za Jomsom zipo, lakini umeme na mtandao vikikatika nazo zinakaa kimya.

Bima ndiyo watu wanayobania, na ndiyo isiyobaniwa. Uokoaji kwa helikopta hugharimu maelfu ya dola, na mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza mtandao wa udanganyifu ambamo watalii wenye kichwa kuuma walisukumwa wapande helikopta ili bima zitozwe. Bima yako itaje kimo cha juu utakachofika: mita 4,000 zinatosha kwa Muktinath kwa gari, lakini kwa Thorong La utahitaji 5,500 au 6,000. Piga namba ya bima wewe mwenyewe kabla hujakubali helikopta yoyote, labda uwe hujiwezi.

Na kama msafiri ni mzee asiyeweza kutembea, mkodishie jipu peke yake, mlaze Marpha usiku mmoja na Kagbeni mwingine, halafu mfikishe Ranipauwa. Kutoka hapo hadi ngazi za hekalu kuna farasi na pikipiki za kukodi. Patana bei kabla hajapanda, na useme waziwazi kama ni kwenda tu au kwenda na kurudi.