Tela la dagaa: soma namba za tairi kabla ya kulipa

Mfanyabiashara anayepandisha dagaa Mbinga kwa tela dogo la kukokotwa na pikapu akiona matairi ya mtumba si vipara, ananunua. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Lami ya Mbamba Bay imeongeza mwendo, na joto hupasua tairi kuukuu mlimani, mzigo ukaishia korongoni.

Tela husimama juani wiki nzima, hivyo tairi huzeeka kabla ya kulika. Tazama ubavuni: tarakimu 4 za mwisho, mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka 6, au likiwa na nyufa, liache hata kwa bei ya kutupa.

Namba ya uzito 82 ni kilo 475. Mawili hubeba 950, tela lenyewe likiwemo. Upepo upimwe kabla ya safari, tairi halijapata joto.