Mwenye Masikio Aulizwe Kwanza

Sikio la nje ni gegedu nyembamba iliyovishwa ngozi, na sura yake yote inategemea jinsi gegedu hiyo ilivyojikunja mtoto akiwa bado tumboni. Ukilitazama kwa karibu, utaona ndani ya ukingo wake mkunjo wa pili unaopanda kutoka juu ya ndewe na kugawanyika mara mbili karibu na kilele, mfano wa herufi Y. Mkunjo huo ndio unaolilaza sikio karibu na kichwa. Ukikosekana au ukiwa hafifu, sehemu ya juu hufunguka mbele. Na bakuli la katikati, lile linaloelekea kwenye tundu la kusikia, likiwa na kina kupita kiasi, sikio zima husukumwa nje. Wapasuaji wengi huhesabu kwamba sikio limechomoza pale ukingo wake unapopita milimita 20 kutoka kwenye fuvu. Hali hii mara nyingi hurithiwa, haipunguzi usikivu, na si ugonjwa. Hapo ndipo penye ugumu: daktari anaombwa kumpasua mtoto mwenye afya kamili. Msimamo wangu ni kwamba upasuaji huu ni mwema na unastahili kufanywa, lakini ombi litoke kwa mwenye masikio, si kwa mama, shangazi wala jirani aliyemkazia mtoto macho.

Tangu mwanzo, kilichowapeleka watu kwa daktari ni macho ya wengine. Edward Talbot Ely alipompasua mvulana wa miaka 12 huko New York mwaka 1881, sababu ilikuwa kwamba wenzake walimcheka. Ely aliondoa ngozi na kipande cha gegedu. Ilipofika mwaka 1910 ndipo William Luckett alipoonyesha kwamba kiini cha tatizo ni ule mkunjo uliokosekana, na kwamba kazi ya mpasuaji ni kuuumba upya. Mwaka 1963 Mustardé alieleza jinsi ya kuukunja kwa nyuzi za kudumu zinazoshonwa nyuma ya sikio. Mwaka huohuo Stenström alitumia tabia nyingine ya gegedu, kwamba ikikwaruzwa upande mmoja hujipinda kuelekea upande wa pili. Miaka mitano baadaye Furnas alieleza namna ya kulivuta bakuli la sikio na kulishona kwenye tabaka gumu lililoufunika mfupa wa nyuma. Mbinu za leo nyingi ni mchanganyiko wa hizo tatu.

Mkato hupita nyuma ya sikio, ambako kovu hujificha, na kazi huchukua kama saa moja hadi mbili. Mtoto mdogo hupewa nusukaputi. Mtu mzima aweza kutosheka na ganzi ya mahali. Kichwa hufungwa bendeji kwa siku kadhaa, kisha kwa wiki kadhaa mgonjwa hulala amejifunga utepe wa kitambaa ili mto usilikunje sikio. Jambo moja kila familia ilijue kabla ya kutia saini: damu inaweza kuvilia chini ya ngozi na kuibana gegedu, ambayo haina mishipa yake yenyewe ya damu na hutegemea utando unaoizunguka. Maumivu makali yanayozidi upande mmoja, siku ya kwanza au ya pili, ni sababu ya kurudi hospitalini usiku huohuo, si ya kumeza panado na kungoja asubuhi. Baadaye nyuzi zinaweza kulegea na sikio likarudi nje kiasi, au masikio mawili yasilingane.

Vitabu vingi vya udaktari hutaja umri wa miaka mitano au sita kuwa mwafaka, kwa kuwa sikio limeshakaribia ukubwa wake wa mwisho na mtoto anaanza shule. Hoja hiyo inathibitisha tu kwamba upasuaji unawezekana katika umri huo. Haithibitishi kwamba unahitajika. Uchunguzi wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2015 uliwaonyesha watu picha za watoto wenye masikio yaliyochomoza, na picha hizohizo zikiwa zimerekebishwa kwa kompyuta, huku mashine ikifuatilia macho yao. Kweli macho yalikaa zaidi kwenye masikio yaliyochomoza, lakini watazamaji hawakumhukumu mtoto kuwa na tabia mbaya zaidi kwa sababu hiyo. Watazamaji hao walikuwa wachache na ni watu wazima, kwa hiyo sitaki kuubebesha uchunguzi huo mzigo usiouweza. Hata hivyo unatutenganishia mambo mawili tunayoyachanganya: kutazamwa na kudharauliwa.

Utaniambia kwamba watoto wa darasa la pili si watazamaji wa Uswisi, na kwamba anayeitwa popo kila siku ya shule hana muda wa kungoja falsafa zetu. Pingamizi hilo lina nguvu, nami nalikubali: mtoto wa miaka saba anayelia na kuomba mwenyewe ameshatimiza sharti langu, apasuliwe. Uingereza, utafiti wa mwaka 1992 uliowafuatilia watoto waliopasuliwa ulikuta wengi wao wana nafuu kubwa ya moyo. Lakini ulikuta pia kwamba wale waliokuwa wapweke na wenye dhiki tangu kabla hawakuponywa na kisu. Kwa mtoto wa namna hiyo, mwalimu anayezima kejeli darasani ni sehemu ya tiba, na wazazi wasidhani malipo ya hospitali yatamaliza kazi yake.

Upo wakati mmoja tu ambapo haraka ni halali, na bahati mbaya ndio tunaoupoteza. Katika wiki za kwanza za maisha, homoni ya estrojeni aliyoipata mtoto kutoka kwa mama huifanya gegedu iwe laini, na sikio laweza kushikiliwa kwa kibanzi laini na plasta hadi likazoea umbo jipya. Matsuo na wenzake nchini Japani waliieleza njia hii mwaka 1984, na tangu hapo imeenea. Haihitaji kisu wala ganzi. Mabibi zetu wanaomkanda mtoto mchanga wana wazo sahihi kuhusu ulaini huo, ila kukanda kwa dakika chache hakutoshi: sikio lazima lishikiliwe usiku na mchana kwa wiki kadhaa, na ngozi ichunguzwe isichubuke. Mtoto akishapita wiki sita hivi, matumaini hupungua haraka. Mkunga anayeyatazama masikio siku mtoto anapozaliwa anaweza kumwepusha na chumba cha upasuaji.

Fursa hiyo ikipita, sisi wenye ngozi nyeusi tuna sababu ya ziada ya kutokimbilia kisu. Kovu la keloidi, linalovimba na kuvuka mipaka ya jeraha, hutupata zaidi, na sikio ni mojawapo ya mahali linapopapenda; wengi wamewaona wasichana waliotoboa ndewe wakaishia na donge. Kuliondoa bila tiba nyingine mara nyingi hulirudisha likiwa kubwa zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia mikunjo, daktari aulize kuhusu makovu ya chanjo, ya kutoboa masikio na ya ndugu wa damu. Penye historia ya keloidi, kukataa ni jibu la kitaalamu.

Wapo wanaopinga kwa hoja ya dini, kwamba tusibadili maumbile aliyoyaumba Mungu. Kikao cha Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu kilichofanyika Malaysia mwaka 2007 kiliruhusu kurekebisha kasoro za kuzaliwa na kukataza kubadili umbo la kawaida kwa kutafuta urembo tu. Masikio haya yako mpakani kabisa mwa sehemu hizo mbili, na sioni kipimo cha milimita kitakachoamua yako upande gani. Kinachoweza kuamua ni dhiki ya mwenyewe, na dhiki haipimwi kwa kumhoji mzazi peke yake. Wakati wa miadi, mzazi atoke nje kidogo, muuguzi abaki, na daktari ampe mtoto kioo aonyeshe kwa kidole asichokipenda. Anayeonyesha masikio bila kuongozwa, na anayeelewa kwamba atafungwa kichwa na kuumwa siku kadhaa, aendelee. Anayegeukia mlangoni kumtafuta mama yake apangiwe miadi ya mwakani.